Mitatu ya Mgeni, Miwili ya Mwenyeji

Jioni moja Magogoni, tukingoja pantoni ya kwenda Kigamboni, kijana aliyesimama mbele yangu aliwasha simu, ukatoka wimbo wa Malaika. Haukuwa ule wa zamani. Ulikuwa umepigwa upya, ngoma ya mashine chini, kinanda juu, sauti nyororo isiyo na mkwaruzo hata mmoja. Pembeni yetu mama wa makamo alikuwa akikaanga mihogo, mafuta yakichemka kwenye karai, pilipili ya unga na chumvi ndani ya kopo la maziwa lililotobolewa kifuniko. Bila kuinua macho akaanza kuimba na simu. Nasema "na simu", lakini hawakwenda pamoja. Kila ulipofika mwisho wa mshororo, simu ilikata neno na kukimbilia mbele. Yeye alibaki nyuma, akiivuta irabu ya mwisho taratibu kama mtu avutaye ndoo kisimani, asije akamwaga maji njiani. Simu iliingia ubeti wa pili yeye hajamaliza wa kwanza. Hakujali. Aligeuza vipande vya muhogo, akavuta pumzi, akaendelea kwa mwendo wake. Nikasimama pale, shilingi zangu mkononi, nikisikiliza nyimbo mbili zikikaa ndani ya wimbo mmoja, na kila mmoja una haki yake.

Ubishi wa kopi na asili naujua tangu utotoni. Ni ubishi wa barazani, wa saluni, wa kwenye basi la mikoani dereva anapobadilisha nyimbo. Wakubwa husema aliyeimba kwanza ndiye aliyeimba, waliofuata wamekopi tu. Bendi ya hotelini hupimwa kwa kipimo hicho: wanapiga kopi, basi, hukumu imeshatoka. Na methali ipo tayari kuwaumbua, kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Kwa miaka mingi nami nilisimama upande huo bila kuuliza. Nilidhani wimbo una shina moja, na kila anayeurudia ni tawi linalozidi kwenda mbali na maji. Kilichonitikisa ni kanda moja tu, na kanda yenyewe haipo tena duniani.

Baba alikuwa na redio kaseti. Jioni ambapo Redio Tanzania ilipiga nyimbo za zamani, alikuwa akiweka kanda tupu, vidole viwili juu ya vitufe, na nyumba nzima ikaamriwa kunyamaza. Ndivyo alivyounasa Malaika, sauti ya mwanamume, gitaa likitembea kwa adabu nyuma yake. Baba akatuambia kwamba huyo ni Fadhili William. Lakini katikati ya ubeti wa pili, kutoka uani, mama alipaza sauti: "Nani anaangalia maharage?" Kanda ikameza swali lile lote, na baada yake kikohozi cha baba aliyekuwa anazuia hasira. Hakupata nafasi ya kuunasa tena. Tukausikiliza hivyo hivyo miaka na miaka, mpaka sisi watoto tulipoimba njiani kwenda shule tulikuwa tukifika pale pa ubeti wa pili tunauliza habari za maharage kwa pamoja, kisha tunaendelea na mapenzi ya watu. Hatukuwa tunafanya mzaha. Kwetu sisi wimbo ulikuwa hivyo. Siku kanda ilipoliwa na redio, baba aliitoa utepe wake umejikunjakunja, akajaribu kuurudisha kwa kalamu, ikashindikana. Mama naye alifariki baadaye. Sasa hivi naweza kuupata wimbo ule kwa sauti safi kuliko tuliyowahi kuisikia nyumbani, wakati wowote, na kila ninapousikiliza nafika ubeti wa pili, sikio langu linangoja, na hakuna anayeuliza.

Basi nikianza kutafuta asili, niitafute wapi? Rekodi safi ilitangulia kanda ya baba, hilo halina ubishi. Lakini kwangu ile safi ndiyo iliyokuja baadaye, ndiyo iliyopungukiwa. Na hata nikiiacha nyumba yetu nikaufuata wimbo wenyewe mpaka kwake, sifiki kwenye shina moja. Fadhili William, kijana wa Taita, aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na sauti yake ndiyo iliyoupeleka kwa watu. Huku Tanzania jina la Adam Salim limesimama miaka mingi kudai kwamba wimbo ni wake, aliutunga tangu miaka ya 1940. Mzozo huo umewazidi umri wenyewe. Ninachokiona mimi ni kwamba simulizi zote mbili zina umbo moja: palikuwa na msichana, palikuwa na kijana anayempenda, na mfukoni mwa kijana hapakuwa na kitu. Mkono mtupu haulambwi. Wimbo mzima umejengwa juu ya ufa huo mmoja, mtu ana moyo wa kutoa lakini hana mali ya kutolea. Kabla ya kuwa na mwenyewe, wimbo huu ulikuwa na ukosefu wake, na ukosefu huo ulikuwa umejaa Nairobi, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, katika vyumba vya kupanga ambako vijana walihesabu mshahara mara mbili na mara zote mbili haukutosha mahari.

Akaja Miriam Makeba. Kiswahili hakikuwa lugha yake. Anayekizungumza tangu utoto anasikia mara moja kwamba maneno yamevaa viatu vya ugenini, irabu hii imelegea kidogo, silabi ile imekazwa pasipokazwa. Mwaka 1965 aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika albamu iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata, na tangu hapo watu wengi wa mbali waliamini kuwa wimbo ni wake. Mwenye roho ya kulinda mipaka angesema hiyo ndiyo kopi, na angekuwa na ushahidi. Lakini sikiliza kinachotokea. Mwaka 1960 mama yake Makeba alifariki, naye akiwa Marekani akataka kurudi Afrika Kusini kumzika, akakuta serikali ya makaburu imeifuta pasi yake. Akabaki nje miaka thelathini. Kwa hiyo anaposimama mwanamke huyu na kuimba maneno ya kijana maskini anayemtazama mpenzi wake kwa mbali, mahari inaondoka ndani ya wimbo na mahali pake inakaa pasi iliyofutwa. Ndege mdogo anayetajwa mle ndani, ambaye kwa Fadhili alikuwa msichana anayempenda, kwa Makeba anaweza kuwa mji mzima, kaburi ambalo hakulitupia udongo. Hakubadili hadithi. Aliingiza ukosefu wake palipokuwa na ukosefu wa mwenzake, na ukaenea sawasawa, kama mguu unavyoenea kwenye alama ya mguu uliotangulia mchangani.

Hapo ndipo nilipoanza kupata kipimo changu. Wimbo uliorudiwa siupimi tena kwa kufanana na wa kwanza, wala kwa kutofanana nao. Nauliza: huyu aliyeuchukua, anakosa nini? Mwaka 1981 kundi la Boney M. liliuimba Malaika, na ulipigwa kwenye kumbi za dansi za nchi nyingi. Sauti zimepangwa, midundo imenyooka, hakuna kilichokosewa. Watu walicheza, na kucheza ni jambo jema. Lakini nikiusikiliza naona nyumba iliyopakwa rangi vyumba vyote na haina anayelala humo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwimbaji wa kwenye simu pale Magogoni, ndivyo nilivyomsikia pia: ana kila kitu. Ana studio, ana pumzi, ana mashine inayonyoosha kila noti iliyopinda. Mama wa mihogo hakuwa na hivyo, alikuwa na irabu moja tu aliyokataa kuiachia. Anamwonea nani huruma, au anamkumbuka nani, mimi sikujua na haikunihusu. Lakini irabu ile ilikuwa na mtu ndani.

Watu wa pwani waliyafikiri haya zamani sana, wakayawekea utaratibu. Washairi wa Pate na Lamu walikuwa na bahari yao iitwayo takhmisa. Mshairi alichukua utungo wa mtu aliyemtangulia, mara nyingi mtu aliyekwisha kufa zamani, na katika kila ubeti akaiacha mishororo miwili ya mwenyewe kama ilivyo, akatanguliza mitatu ya kwake, ikawa mitano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, ambaye ndiye anayetajwa kuwa mtunzi wa utenzi wa Al-Inkishafi, alifanya hivyo kwa tungo zinazonasibishwa na mshairi wa kale Fumo Liyongo. Fikiria kazi hiyo ilivyo. Mitatu ni mingi kuliko miwili. Mgeni ana maneno mengi kuliko mwenyeji. Lakini lazima vina vyake viitikie vina vya mwenyeji, na lazima kila anachokisema kimpeleke msikilizaji kwenye mlango ambao hakuujenga yeye. Nyumba za mawe za Lamu zina daka, ile sehemu yenye viti vya mawe mbele ya mlango mkubwa, ambapo mgeni hukaa akapokelewa kabla ya kuingia ndani. Naiona takhmisa hivyo. Mshairi wa pili hakuvunja nyumba ya wa kwanza, wala hakujifanya kuwa ameijenga. Alijenga daka. Nasi tunaofika baada ya karne nyingi tunapita kwake ndipo tuingie kwa Liyongo, na tukiingia tunaijua nyumba zaidi kwa sababu tulikaa kwanza kizingitini.

Nikimsikia Bi Kidude, mwimbaji wa Zanzibar, akiimba Muhogo wa Jang'ombe, naliona daka hilo. Wimbo ni wa Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyekwenda Bombay mwaka 1928 na wenzake, akarekodi sahani za santuri zilizoibeba sauti ya Kiswahili kila mahali palipokuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Katika sahani zile sauti ya Siti iko juu, imekazwa, inakatiza kwenye mchakarisho wa santuri kama sindano inayopita kwenye kitambaa kigumu. Bi Kidude alizijua nyimbo za Siti kwa kuzisikiliza, akaziimba mpaka uzeeni, kwa sauti ya chini, nzito, yenye moshi. Wimbo huo umebeba onyo la wahenga kuhusu kuwatukana wakunga wakati uzazi bado upo. Bi Kidude hakujaaliwa mtoto. Alikuwa nyakanga wa unyago, akawafunda mabinti wa watu wengine vizazi na vizazi, ngoma ikiwa kiunoni. Mwanamke kama huyo anapolitamka neno uzazi, neno linabadilika uzito mdomoni. Siti aliliimba kama onyo. Bi Kidude aliliimba kama mtu anayeshika kitu cha thamani cha jirani, akakifuta vumbi, akakirudisha mahali pake. Alipofariki Aprili 2013, wapo waliosema Siti amekufa mara ya pili. Mimi naona kwa miaka ile yote Siti alikuwa na mahali pa kupokelea wageni.

Hata ile kopi tunayoidharau, kopi ya neno kwa neno, nimejifunza kuitazama kwa heshima. Salum Abdallah wa Morogoro na vijana wa rika lake walikulia kwenye sahani za santuri za GV, zile zilizotuletea rumba na son za Kuba. Waliziiga gitaa kwa gitaa. Maneno ya Kihispania walikuwa wakiyashika kwa sikio, pasipo maana. Bendi yake akaiita Cuban Marimba. Walichokosa ni lugha, na hapo palipokosekana lugha wakatia Kiswahili, mapenzi yao, siasa zao, mitaa yao, mpaka siku moja hakuna aliyekumbuka kwamba walianza kwa kuiga. Na midundo ile ya Kuba nayo ilikuwa imetoka wapi? Ilivuka bahari ndani ya vifua vya watu waliofungwa minyororo, waliokosa ngoma zao wakaziunda upya kwa masanduku na kumbukumbu. Muziki uliondoka Afrika kwa ukosefu ukarudi Afrika kwa santuri, na kijana wa Morogoro alipouiga alikuwa anamrudisha ndugu nyumbani bila kujua jina lake. Shauri Yako nayo, watu wengi wa Nairobi wataapa kuwa ni ya bendi ya Super Mazembe, maana ndiyo waliyoicheza. Kabla yao aliiimba Nguashi Ntimbo wa Kongo. Mazembe wenyewe walikuwa Wakongo walioacha kwao wakaja kupiga muziki Kenya. Wimbo ulifika pamoja nao kama mzigo wa kichwani.

Ila kuna jambo moja ambalo uzuri wa sauti haulisamehe, nalo ni kufuta jina. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, na maana yake ni kwamba mgeni huja na kitu, hata kama ni habari tu. Nyimbo zetu nyingi zimepokea wageni waliokula wakaondoka, wakalisahau hata jina la kijiji. Inaniuma kwamba wimbo unaomlilia mtu asiye na pesa uliwatajirisha watu mbalimbali duniani, huku waliouzaa wakizeeka kwenye mzozo wa nani alipwe. Sheria za hakimiliki zina kazi yake na zifanye kazi hiyo. Lakini kabla ya sheria kuna adabu. Sayyid Abdallah hakuhitaji mahakama ili aiache miwili ya Liyongo isimame, mtu yeyote aione. Anayepanda jukwaani kuurudia wimbo wa mwenzake anaweza kusema kwa pumzi moja: huu niliupokea kwa fulani. Pumzi hiyo haipunguzi sifa yake. Ndiyo inayomweka kwenye mnyororo, ili kesho naye atajwe. Bendi za hotelini zenye wapigaji wazee hufanya hivyo hata leo; kiongozi hushika maikrofoni, humtaja marehemu, huinamisha kichwa kidogo, ndipo gitaa liingie. Wakati huo ukumbi huwa unanyamaza, na mimi hupenda ukimya ule karibu kama wimbo wenyewe.

Pantoni ilipoonekana ikigeuza pua kuja upande wetu, watu walianza kusogea. Mtu akamwagiza mama mihogo ya elfu moja, pilipili iwe nyingi. Akaukata wimbo katikati ya ubeti, akachukua kipande cha gazeti, akakikunja umbo la pembe, akajaza, akanyunyiza, akapokea noti, akatafuta chenji kwenye pindo la kanga. Simu iliendelea peke yake hatua chache mbele yangu, mpaka kijana alipoizima apate kushika nguzo. Nikanunua wangu wa mia tano. "Asante mama," nikamwambia, "na kwa wimbo pia." Akanitazama kama mtu aliyekuwa hajui kwamba alikuwa anaimba. "Karibu mwanangu, wahi chombo," akasema.

Ndani ya pantoni nilipata nafasi ya kusimama ubavuni, karibu na maji. Muhogo ulikuwa wa moto, pilipili ilikuwa ya kweli. Injini ilinguruma kiasi kwamba mtu anaweza kuimba na jirani yake asisikie, basi nikaanza pale mama wa mihogo alipoukata ubeti, polepole, nikiivuta ile irabu ya mwisho kama alivyoivuta yeye. Sina sauti ya kuimba. Neno moja nililikosea, nikarudi nyuma nikalichukua tena. Taa za Kigamboni zilikuwa zinawaka moja moja. Nikaingia ubeti wa pili, nikaenda nao, nilipofika mahali palipokuwa pa mama nikanyamaza kadiri ya swali lake, kisha nikaendelea.